Chapeo ya "Kisparta" inayouzwa mtandaoni: ni nakala ya nini hasa?

Tafuta mtandaoni chapeo ya Kigiriki ya kuvaa kwenye maigizo ya vita vya kale, na utaletewa tangazo lilelile kutoka kwa wauzaji kibao. Kofia ya vita inayometameta, imefunika uso wote ila macho na ufa mwembamba unaoshuka toka puani hadi kidevuni. Utosini shungi jekundu. Chini ya picha wameandika: "nakala halisi, Sparta, 480 KK". Bei dola mia na kitu, nauli ya mzigo juu yako.

Halisi kwa lipi? Swali linaonekana la ubishi wa barazani, lakini ndilo linalowagombanisha waigizaji wa historia mwaka hadi mwaka. Chapeo ya kale ilikuwa na umbo lake, madini yake, namna yake ya kufuliwa, na namna yake ya kukaa kichwani. Nakala inaweza kuwa kweli kwa moja kati ya hayo na uongo kwa matatu. Wala si lazima kuwe na utapeli: mara nyingi ukishika ukweli upande mmoja unalazimika kuuachia upande wa pili, na anayenunua bila kujua hilo analipia kitu asichokitaka.

Umbo ndilo jepesi kukosoa kwa sababu ushahidi wake ni mwingi. Chapeo ya kufunika uso huitwa ya Korintho, na jina lenyewe ni la zamani: Herodotus, mwandishi wa karne ya 5 KK, anasimulia sherehe moja ya watu wa Libya ambamo msichana huvikwa chapeo ya Korintho na silaha kamili za Kigiriki. Aina hii ilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 8 au mwanzoni mwa karne ya 7 KK. Za mwanzo zimenyooka ubavuni, kisogo hakina mkunjo, na matundu ya macho ni makubwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, utosi ukatengana na uso kwa mstari unaozunguka kichwa, mashavu yakachongoka mbele, na kisogo kikapinda nje ili kulinda shingo. Mabadiliko hayo yalichukua zaidi ya karne mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia "ya Korintho" bado hajakwambia lolote kuhusu mwaka, kama vile aliyekwambia "gari la Toyota".

Hapo ndipo matangazo mengi yanapoteleza. Fundi huchukua utosi wa karne ya 7, akauweka mashavu ya karne ya 5, akaongeza nakshi aliyoiona kwenye filamu, kisha akabandika 480 KK kwa sababu ndio mwaka wa vita vya Thermopylae, Wasparta walipowakabili Waajemi, na Thermopylae inauza. Ukweli ni kwamba kufikia miaka hiyo chapeo ya Korintho ilikuwa inaelekea ukingoni. Pembeni yake palikuwa na ile tunayoiita ya Chalcis, nyepesi, iliyoacha masikio wazi na uso ukiwa huru zaidi. Mwishoni mwa karne hiyo, wakati wa vita vya Athene na Sparta vya 431 hadi 404 KK, askari wengi walivaa pilos, chapeo ya mchongoko isiyo na kinga ya pua wala ya mashavu, iliyoiga kofia ya kawaida ya sufu iliyoshindiliwa. Thucydides, mwanahistoria wa Athene wa siku hizo, anapoeleza jinsi Wasparta walivyonaswa kisiwani Sphacteria mwaka 425 KK, anasema pilos zao hazikuzuia mishale. Wasomi bado wanabishana kama alimaanisha za bronzi, za sufu, au vazi jingine kabisa la kifuani. Vyovyote iwavyo, Msparta wa vita hivyo aliyevalishwa chapeo ya kufunika uso na shungi kubwa jekundu amevalishwa vitu vya babu yake. (Hata ile herufi ya L ya Kigiriki, ya Lakedaimon, jina la nchi ya Wasparta, inayochorwa kwenye ngao zao katika kila bango, ushahidi wake unatoka kwa mshairi wa vichekesho wa mwishoni mwa karne ya 5 KK. Kuipeleka Thermopylae ni kubahatisha.)

Shungi nalo lina kesi yake. Singa za farasi zilitumika, hilo halina ubishi. Michoro ya vyungu imejaa. Mara nyingi shungi linatoka mbele kwenda nyuma. Linalokaa kutoka sikio hadi sikio lipo kwenye sanamu ndogo ya bronzi ya shujaa aliyejifunika joho, iliyoko makumbusho ya Wadsworth Atheneum huko Hartford, Marekani, ya miaka ya mwisho ya karne ya 6 KK. Watu wengi wanaamini hiyo ni alama ya kamanda wa Kisparta. Inawezekana, ila kujenga cheo cha jeshi zima juu ya vitu vichache vya namna hiyo ni ujasiri ambao mimi sina.

Kwa nini basi picha ya Korintho imemeza nyingine zote? Jibu kubwa ni Olympia, mahali patakatifu pa mungu Zeus. Miji ya Wagiriki ilikuwa ikishinda vita inamtolea Zeus silaha za adui, na Wajerumani walipoanza kuchimba pale kwa mpango mwaka 1875, silaha zikaanza kutoka ardhini kwa wingi usiopatikana popote. Nyingine zina kinga ya pua au mashavu yaliyopindwa kwa makusudi ili zisivalike tena. Kati ya chapeo hizo imo yenye maandishi kwamba Miltiades aliitoa kwa Zeus. Jina hilo linawafanya wageni wapige picha kwa foleni, kwani Miltiades ndiye jemadari wa Athene pale Marathon mwaka 490 KK, ingawa maandishi hayataji Marathon hata kidogo. Lakini desturi ya kutoa silaha Olympia ilififia kuelekea katikati ya karne ya 5 KK. Ghala letu kubwa la ushahidi limejaa vitu vya kabla ya hapo, na macho yetu yamezoea kile kilichobaki.

Majina ya aina nyingine nayo yanapotosha. Chapeo inayoitwa ya Iliria, yenye uso wazi wa mraba na mifereji miwili utosini ya kushikia shungi, haikuanzia Iliria. Ilianzia Ugiriki kusini, Peloponnesos, na ikapewa jina hilo kwa sababu nyingi ziliibuka makaburini upande wa Balkani. Anayetaka kuigiza askari wa farasi asiiguse ya Korintho kabisa. Xenophon, aliyekuwa mpanda farasi mwenyewe, aliandika kwamba iliyo bora kwa mpanda farasi ni ya Boeotia, kwa kuwa inakinga sehemu zote zilizo juu ya deraya, yaani vazi la kivita la kifuani, bila kuziba macho. Moja ya aina hiyo iliokotwa mto Tigris na sasa iko Ashmolean, Oxford. Ina ukingo mpana uliokunjwakunjwa, na mtu asiyejua angedhani ni kofia ya jua iliyokaliwa.

Twende kwenye madini. Chapeo za Kigiriki za karne hizo zilikuwa za bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, kwa kawaida sehemu moja ya bati kwa tisa za shaba, zaidi au pungufu kidogo. Bati hapa ni lile la madini, si la kuezekea. Nakala nyingi za sokoni ni za shaba ya njano, ambayo ni shaba na zinki. Sababu ni pesa: shaba ya njano inapatikana kwa mabamba ya unene wowote, ni laini kufua, na miji ya India kama Moradabad ina mafundi walioirithi kazi hiyo vizazi kwa vizazi. Kwa mbali, ikiwa imepigwa msasa vizuri, macho yanadanganyika. Kwa karibu, shaba ya njano inaelekea ndimu na bronzi inaelekea wekundu.

Kuna zile za chuma zilizopakwa rangi au kuchovywa shaba juu. Zinavumilia kipigo, na kwenye tamthilia ya shule hakuna atakayelalamika, ila baada ya mvua mbili kutu nyekundu inachungulia ukingoni na siri imefichuka. Usifikiri hata hivyo kwamba chuma ni kosa kwa kila Mgiriki. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zama za Warumi, anaeleza kwamba Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, siku ya vita vya Gaugamela mwaka 331 KK, alivaa chapeo ya chuma iliyofuliwa na Theophilos, iking'aa kama fedha safi. Na mwanaakiolojia Manolis Andronikos alipofungua kaburi la kifalme la Wamakedonia pale Vergina mwaka 1977, alikuta ndani chapeo ya chuma. Mmakedonia wa chuma, sawa. Msparta wa Thermopylae wa chuma, hapana.

Kuhusu ule ukijani: umri huleta kutu ya kijani kwenye bronzi, na makumbusho huiacha kwa sababu inalinda madini yaliyo chini. Wauzaji wengine hupaka nakala mpya dawa ya kuifanya kijani ili ionekane ya kale. Kwa pambo la sebuleni ni sawa. Kuivaa uwanjani ukidai wewe ni askari wa siku ile ya vita ni kichekesho, kwani askari huyo alikuwa na chapeo inayong'aa, na kung'aa kwenyewe kulikuwa sehemu ya kutisha adui.

Ndani kunasema zaidi kuliko nje

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni ufundi, na ndiyo isiyoonekana kwenye tangazo. Chapeo ya Korintho ilifuliwa kutoka kipande kimoja cha bronzi. Haikuunganishwa. Fundi alianza na bonge lililomiminwa, nene, kisha akalipiga kwa nyundo juu ya mafuawe ya maumbo mbalimbali, akilizungusha, akiliinua, mpaka likawa na kina cha kumeza kichwa kizima. Kila baada ya duru za kupiga, bronzi hukakamaa. Ukiendelea kulazimisha itapasuka. Hivyo unairudisha motoni, inawaka wekundu hafifu, inalainika, unaanza tena. Duru hizo zinarudiwa mara nyingi sana. Kisha mwishoni fundi hupiga bila kurudi motoni, ili sehemu zinazopokea pigo la mkuki zibaki ngumu. Mambo haya hayapimiki kwa picha.

Kwa sababu hiyo unene wa chapeo ya kweli hautoshani. Kinga ya pua na ukingo wa macho ni nene, maana ndiko adui anakolenga. Utosini na kisogoni bronzi ni nyembamba, mara nyingi karibu milimita moja tu au hata chini. Matokeo yake ni wepesi unaowashangaza watu: nyingi ni kati ya kilo moja na mbili.

Nakala ya kiwandani inakatwa kutoka bamba lenye unene mmoja. Wauzaji hutaja geji, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida, kwa sababu kila aliyewahi kununua mabati ya nyumba anajua kuwa namba ikipanda unene unashuka. Bati la geji 30 ni kama milimita 0.3. Chapeo nyingi ni geji 18, karibu milimita 1.2, au geji 16, karibu milimita 1.5. Kisogo kinakuwa kizito bila sababu, kinga ya pua nyembamba kuliko ilivyopaswa, na uzito wote unapita wa kale kwa urahisi. Halafu bamba hilo hukatwa nusu mbili, kila nusu ikafinyangwa, zikachomelewa katikati ya utosi, na mshono ukasagwa hadi usionekane. Kwa nje. Ndani hawahangaiki. Geuza chapeo, weka taa, fuata mstari wa katikati kutoka paji la uso hadi kisogoni: utaona kovu la kuchomelea, au utakuta bitana nene imegundishwa juu yake kulificha.

Ajabu ni kwamba kuna chapeo za Kigiriki ambazo mshono ni haki yake. Za Iliria za mwanzo zilitengenezwa vipande viwili vilivyounganishwa katikati ya utosi, na ile mifereji ya shungi ilipita juu ya kiungo. Zile za mchongoko za karne ya 8 KK, kama iliyopatikana pamoja na deraya kaburini Argos mwaka 1953, nazo ziliungwa kwa vipande kadhaa. Mtu mwenye bajeti ndogo anayetaka ufundi wa kweli angefanya vizuri kuanzia huko. Chapeo ya bronzi ya kipande kimoja, iliyofuliwa kwa mkono na mmoja wa mafundi wachache wanaoiweza kazi hiyo, inavuka dola elfu moja mapema na kuendelea, pamoja na miezi ya kusubiri.

Halafu kuna kukaa kichwani. Chapeo za zamani zilifuliwa kufuata kichwa. Upande wa chini ni mwembamba kuliko upana wa fuvu, na ukiivaa inabidi uiingize kwa mwelekeo fulani. Ikikaa, matundu ya macho yako karibu kabisa na macho yenyewe, ndiyo maana mvaaji huona zaidi ya anavyodhani mtazamaji. Nakala ya saizi moja kwa watu wote inafanywa kubwa, kisha inajazwa sponji. Macho yanarudi nyuma sentimita kadhaa, eneo la kuona linasinyaa, na askari anaonekana ana kichwa cha mtoto wa katuni. Mara nyingi ukisikia mwigizaji anasema chapeo ya Korintho ilikuwa kama kufungwa kitambaa cha macho, muulize kwanza yake ni saizi gani.

Bitana ya asili imeoza, lakini imeacha nyayo. Chapeo za mwanzo zina safu ya matundu madogo ukingoni, ya kushonea ngozi au kitambaa. Baadaye matundu yanatoweka, na hapo kuna mawili: ama bitana iligundishwa, ama askari alivaa kofia laini chini yake. Kwenye kikombe maarufu cha Sosias kilichoko Berlin, cha miaka ya 500 KK, Achilles, shujaa wa hadithi za vita vya Troy, anamfunga rafiki yake Patroclus jeraha la mkono, na Patroclus amebaki na kofia ya kubana kichwani. Wengi wanaiona kuwa ndiyo ya kuvaa chini ya chapeo. Waigizaji waliojaribu kofia ya sufu iliyoshindiliwa wanaisifu: inanyonya jasho, inapunguza kishindo, na haitelezi.

Sikio ndilo halina dawa. Ndani ya chapeo iliyofungwa unasikia pumzi yako kwanza, amri baadaye. Hapo inaeleweka kwa nini Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya 418 KK, anasema Wasparta walisonga polepole kwa mlio wa wapiga filimbi wengi ili hatua zao zisipishane. Hata hivyo tusisahau kwamba kufikia mwaka huo masikio mengi yalikuwa tayari wazi. Na kabla ya mapigano, wenye za Korintho walizisukuma nyuma zikakaa juu ya paji la uso, kama Athena kwenye sarafu za Korintho na Pericles kwenye sanamu zake. Nakala nyingi za sokoni haziwezi hata kusukumwa hivyo, zinadondoka.

Pale usalama unaposhinda ukweli

Sasa ongeza jambo moja: watu wa leo wanataka kurudi nyumbani na macho yote mawili. Tundu la jicho la chapeo ya Korintho linapitisha ncha ya mkuki, na lile la kale lilipitisha pia. Vikundi vya maonyesho, kama vile vilivyokutana Marathon mwaka 2011 kuadhimisha miaka 2,500 ya vita vile, huigiza zaidi mwendo, ngao na mpangilio wa safu. Panapokuwa na kuchomana, mikuki haina ncha kali na kulenga uso ni mwiko. Kwao bronzi nyembamba inatosha, na ukweli wa umbo ndio unaohesabiwa.

Kwenye vyama vya mapambano ya kweli hali ni nyingine. Society for Creative Anachronism, iliyoanza Marekani mwaka 1966, ambako watu hupigana kwa nguvu kwa silaha za henzirani, inataka chapeo ya chuma cha geji 16 au ugumu unaolingana, na uwazi wa uso usipitishe kijiti cha kipenyo cha inchi moja. Chapeo ya Korintho ikiingia humo lazima iwekewe nondo za macho. Hapo imeshakuwa kofia ya mchezo yenye sura ya Kigiriki, na mtu anayeicheka kwa kukosa uhalisi hajaelewa imetengenezwa kwa ajili ya nini. Kosa ni kuichukua hiyohiyo na kuisimamisha mbele ya wanafunzi kwenye makumbusho kuwaeleza jinsi Wagiriki walivyobeba mizigo mizito.

Nakala inayojua imekusudiwa nini inaweza kufanya kazi kubwa kuliko pambo. Mwaka 1960, kijijini Dendra karibu na Mycenae, wanaakiolojia walichimbua deraya kamili ya bronzi ya karne ya 15 KK, pamoja na mabaki ya chapeo ya meno ya nguruwe mwitu yenye mashavu ya bronzi, aina ambayo mshairi Homer anaieleza vizuri katika kitabu cha 10 cha Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy. Kwa miongo kadhaa wengi walidhani ni vazi la sherehe, zito mno kupigania. Watafiti wakiongozwa na Andreas Flouris wa Chuo Kikuu cha Thessaly waliwavisha wanamaji 13 wa jeshi la Ugiriki nakala ya vazi hilo iliyotengenezwa Birmingham miaka ya 1980. Wakawalisha chakula kilichokisiwa kutoka Iliad, wakawapigisha mazoezi ya vita kwa saa 11, huku wakipima mapigo ya moyo, joto la mwili na jasho. Matokeo yalitoka mwaka 2024: walichoka sana, lakini walipigana hadi mwisho.